Sauti Iliyozoea Cherehani

Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2019, mshona kola wa kiwanda cha sare, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alifeli jaribio la sauti katika maktaba ya vitabu vya wasioona. Rekodi ya jaribio hilo bado ipo. Fundi mitambo alitaka kuifuta, mwenyewe akamkatalia.

"Iache," alimwambia. "Ni yangu hiyo."

Wenzake wanamwita Bi Kola. Wanashona pamoja katika chumba cha pili cha kiwanda, cherehani zimepangwa mistari miwili chini ya taa ndefu, na vumbi la nyuzi limekaa juu ya kila kitu kama unga. Kazi yake ni kola za mashati ya wanafunzi, wauguzi na walinzi. Kola ni vitambaa viwili na kingine kigumu katikati, na ncha zake mbili lazima zilingane kama mapacha. Zisipolingana, shati zima linaonekana limevaliwa na mlevi. Bi Kola hufumua kola ya mwenzake bila kuomba ruhusa, na kwa sababu hufumua zake kwanza, hakuna anayenuna.

Chumba hicho kina utaratibu wake. Baada ya chakula cha mchana mmoja huzima cherehani, hupanda kukaa juu ya meza ya kukatia, na kusoma kitabu kwa sauti. Fungu lake la kazi wenzake hugawana mpaka atakapomaliza. Msimamizi anajitia haoni, maana ameshagundua kwamba saa hizo za kusinzia ndizo chumba cha pili hutoa mashati mengi kuliko chumba cha kwanza. Zamani walisoma kwa zamu. Zamu zilikufa polepole, bila mtu kuzipinga. Kila mwenye zamu alikuwa na mafua.

"Asome Bi Kola," walisema, na mafua yalipona.

Kusoma katikati ya cherehani ishirini ni ufundi. Mashine zote zikinguruma, msomaji humeza sentensi na kungoja. Mshono ukifika mwisho na mguu ukiachia pedali, hapo ndipo huitupa, kwa kifua chote. Mshonaji ambaye uzi wake wa chini umekatika hunyoosha mkono juu, na msomaji hurudia sentensi ili asipitwe. Bi Kola alifanya hivyo miaka mingi hata hakujua tena kwamba anafanya.

Kitabu walichokipenda kuliko vyote ni riwaya ya mhunzi wa kengele. Mhunzi huyo kila akilala husikia mlio wa kengele ambayo hajawahi kuitengeneza, mpaka siku moja anafunga karakana yake na kwenda kutafuta chuma chenye mlio huo. Njiani anakutana na mwenye mizani, mfuma nyavu na mwanamke anayeuza vivuli, na kila mmoja anamuuliza unatafuta nini hasa. Ni kitabu ambacho watu hupeana wanapooana, wanapoachana na wanapofukuzwa kazi. Chumba cha pili walikuwa wamekimaliza mara tatu, na mara zote tatu waligombana.

"Mimi mume wangu akiniambia amesikia kengele usingizini," alisema Vifungo, mwanamke mnene wa mashine ya vifungo ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, "namwambia ni simu yako, pokea. Akiamka kwenda kuitafuta, arudi na mkate."

"Wewe hukielewi," alijibu Bi Kola kutoka juu ya meza.

"Nakielewa sana. Na watoto wake kawaachia nani? Ukurasa wa ngapi huo umeandikwa nani anawapikia?"

Walicheka mpaka msimamizi akachungulia. Bi Kola hakucheka. Alipokuwa shule yeye ndiye aliyesimamishwa kuwasomea wenzake, na wageni wakija mwalimu alimtanguliza mbele. Halafu mama yake akaugua, wadogo zake wakawa wanne mikononi mwake, na daftari likapisha kazi za nyumbani, kisha cherehani. Aliwalea wote wanne wakasimama kwa miguu yao. Hakuwahi kusema kwamba ana ndoto. Neno lenyewe aliliona la watoto.

Ndipo redio ya jikoni kiwandani ikatangaza kwamba maktaba ya wasioona inatafuta msomaji. Wasikilizaji wake walikuwa wameomba riwaya ya mhunzi wa kengele, na yeyote mwenye sauti angeweza kujaribu. Mchana ule Bi Kola alishona kola yenye ncha moja ndefu kuliko nyingine na akaipitisha. Vifungo aliipokea, akaigeuza, akamtazama mwenzake kutoka utosini hadi kwenye ndala.

"Shoga, una nini? Umependa?"

"Nataka kwenda kukisoma kile kitabu."

"Si umekisoma mara tatu?"

"Nataka nikisome kikae."

Vifungo akamrudishia kola ile aifumue.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa sponji, zulia sakafuni, dirisha moja la kioo. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, kijana mwembamba mwenye hedifoni, na pembeni yake mkuu wa maktaba, ambaye haoni tangu utotoni na ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila sauti. Bi Kola alifungua ukurasa wa kwanza, akavuta pumzi, akasoma kama anavyosoma siku zote. Sindano ya mtambo iliruka hadi kwenye nyekundu ikakwama huko. Kijana alizing'oa hedifoni kichwani.

"Mama! Mama, umeniua!"

"Nisomeje sasa?"

"Kawaida tu. Kama unaongea na mimi."

"Wewe uko nyuma ya kioo, mwanangu."

Akapunguza sauti. Ikapungua na uhai wake. Halafu alikuwa akisimama katikati ya sentensi, pasipo nukta wala mkato, akingoja mashine ambazo hazikuwapo. Kijana alinyoosha mkono juu kumwashiria asimame. Bi Kola akairudia sentensi. Kijana akaunyoosha tena, juu zaidi. Bi Kola akairudia tena, taratibu na kwa huruma, kama anavyomfanyia mshonaji mgeni. Waliendelea hivyo mpaka kijana akakilaza kichwa chake mezani.

Mkuu wa maktaba ndiye aliyeukata ule mchezo. Alibonyeza kitufe cha kuongea.

"Dada, ulikuwa unamsomea nani?"

Bi Kola alifikiri. Hakuwa na desturi ya kudanganya kazini.

"Ukuta," alisema.

"Ndivyo nilivyosikia. Sauti unayo, ila haina inakokwenda." Akamweleza, bila kumung'unya maneno, kwamba Jumamosi inayofuata angekuja mtangazaji mstaafu wa redio, na baada ya hapo wangeamua.

"Basi na mimi nije Jumamosi hiyo."

"Hatuna desturi ya kurudia majaribio."

"Mimi ninayo. Kola ikipinda naifumua. Siitupi."

Kicheko kifupi kikatoka kwenye spika. "Njoo."

Juma lile lilimtoa jasho. Nyumbani alijifungia chumbani akasoma mbele ya kabati. Alimweka mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, kwenye kiti akamsomea sura nzima kwa sauti ya chini. Mzee alisikiliza kwa adabu zote. "Unasoma vizuri sana, mama watoto," alisema alipoamka. Kazini Bi Kola aliwasimulia wenzake kila kitu, pamoja na habari ya mkono, maana aliona ni heri wacheke kwa kusikia kutoka kwake. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Vifungo alikuwa wa kwanza kunyamaza.

"Kumbe shida si sauti," alisema. "Umezoea watu. Tunakuja."

"Sitaki kubebwa."

"Nani akubebe, na uzito huo? Tunakuja kusikiliza. Tena tunakuja na kazi zetu, usione tuna muda wa kupoteza."

Bi Kola alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne. Alitaka aingie peke yake na atoke peke yake, ili akishinda asidaiwe na mtu. Jumatano, akiwa juu ya meza ya kukatia, alijikuta anaangalia mikono ya wenzake badala ya ukurasa. Aliona ilivyokwenda mbio mhunzi alipofukuzwa mjini, na ilivyolegea alipofika kwenye karakana tupu. Aliona pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameifuata mikono ile, bila kujua, neno kwa neno. Alishuka mezani.

"Mje watatu," alisema. "Na mtu asile karanga."

Jumamosi, fundi mitambo alipowaona mlangoni alishika kichwa. Viti vitalia, alisema. Watakohoa. Nguo zitachakacha.

"Baba, sisi hatukai kwenye viti," Vifungo alimtuliza. "Na tukishona kwa mkono hata sindano yenyewe haijui kama inashona. Sikiliza na hayo madude yako, ukinisikia nifukuze."

Waliketi kwenye zulia, kila mmoja na shati la muuguzi mapajani, vifungo kwenye sahani iliyotandikwa kitambaa. Kijana alivaa hedifoni, akafumba macho, akatafuta kelele. Akafumbua. Akaashiria anza, safari hii kwa taa.

Bi Kola alisoma ukurasa ambamo mwanamke muuza vivuli anamuuliza mhunzi kama atautambua mlio wake akiusikia kwa mtu mwingine. Hakupaza. Hakukuwa na haja, mikono ilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ilipokwenda, alikwenda. Ilipopunguza, alipunguza. Na Vifungo, ambaye alikuwa amekisikia kitabu hiki mara tatu na kukicheka mara zote, usomaji ulipofika kwenye jibu la mhunzi aliacha sindano ndani ya tundu la kifungo akatazama juu. Bi Kola alimngoja. Alingoja mpaka mkono ule ukavuta uzi, ndipo akasema neno la mwisho.

Nyuma ya kioo mkuu wa maktaba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nani mwingine yumo humo ndani?" alimuuliza kijana.

"Mafundi watatu, mzee. Wanashona vifungo."

"Unawasikia?"

"Hapana."

"Mimi nawasikia," alisema mkuu. "Kwenye sauti yake. Waache."

Mtangazaji mstaafu naye alisoma siku hiyo, na alisoma vizuri. Mkuu alimpa kitabu kikubwa cha historia, na waliokisikiliza wanasema amekitendea haki. Riwaya ya mhunzi alipewa Bi Kola.

Kazi ilichukua Jumamosi nyingi. Chumba cha pili walijipangia nani aende lini, na waliobaki walizibeba kazi za waliokwenda, kama walivyozoea. Msimamizi alitoa mashati ya kushonea vifungo nje ya kiwanda, huku akisema hajui yanakwenda wapi. Fundi mitambo alianza kuleta chai.

Sura ya mwisho ndiyo iliyowachelewesha. Bi Kola aliisoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa, mafundi wakafuta macho, kijana akaonyesha dole gumba. Mkuu alisema imekwisha, hongera dada. Bi Kola akabaki kitini.

"Kuna mahali nimesema 'akaja' badala ya 'akajua'," alisema. "Katikati. Turudie."

"Hakuna atakayeliona hilo," kijana alimsihi. "Na nikikata nikabandika, halitasikika hata kidogo."

"Mimi nitalisikia. Utabandika kiraka kwenye shati jipya?"

"Dada," mkuu aliingilia, "mimi nasikiliza vitabu tangu sijaota ndevu. Nakwambia kipo sawa."

"Kwako kipo sawa, mzee. Ila sauti ni yangu."

Ilirudiwa sura nzima. Vifungo alinung'unika kwamba vifungo vimekwisha, akafumua viwili alivyokwisha kushona ili mikono yake iwe na kazi. Ukiisikiliza leo rekodi hiyo, huwezi kujua kwamba kuna nyingine iliyokuwa nzuri na ikawekwa kando.

Siku ya kurekodi tangazo la mwanzo, kijana aliuliza aandike imesomwa na nani.

"Andika imesomwa na Fundi Kola," alisema, "mbele ya mafundi wa chumba cha pili."

"Hilo la pili huwa haliwekwi, mama."

"Basi wewe liweke."

Limewekwa. Rekodi hiyo ndiyo inayoazimwa zaidi katika maktaba ile, na chumba cha pili hawachoki kumtajia kila mgeni, hasa akitoka chumba cha kwanza. Vifungo amekuwa akiipiga kwenye simu yake wakati wa kushona, sauti juu kabisa, na kila ikifika mahali pale pa muuza vivuli huwaambia wote wazime mashine.

"Hapo," husema, "hapo ni mimi alikuwa ananingoja."

Maktaba imempa Bi Kola mkataba wa msomaji wa kudumu, siku tatu kwa juma. Siku mbili zilizobaki ameomba abaki na kola zake, na kiwanda kimekubali. Jumatatu, saa tatu asubuhi, ataanza kitabu cha pili ambacho wasikilizaji wameomba, mwongozo wa ufugaji wa nyuki.