Mabomba Dirishani kwa Mama

Mama yangu humuuliza kila mgombea swali moja. Hajali chama, hajali kofia, hajali kama mtu kaja kwa gari au kwa pikipiki ya kuazima. Mgombea akishasalimia, akishasifia kuku, akishasema hapa kwako mama pana upepo mzuri, mama hukunja kanga yake magotini na kumuuliza, "Na wewe unataka nini?" Wengi hujibu kwamba wamekuja kumsalimia tu. Hapo mama hunitupia jicho, maana salamu hizo huadimika miaka mitano halafu hufurika mwezi mmoja.

Sisi ni watu wa kushuku, nasema hivyo bila haya. Kijiji chetu kiko upande wa Mgori. Ardhi yetu hutoa alizeti na uwele mvua ikikubali, lakini maji hayajawahi kutukubali. Kiangazi tunafukua mchanga wa korongo kwa bakuli, tunakaa kando tukingoja maji yajikusanye, kisha tunachota. Mtu anayengoja maji yajikusanye hupata muda mrefu wa kukumbuka jinsi alivyodanganywa.

Na tulidanganywa kweli. Uchaguzi wa nyuma wa udiwani, siku chache kabla ya kura, lori la Fuso lilikuja likamwaga mabomba ya plastiki uwanja wa shule, ya buluu, mapya, marefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Tukapiga kura, mtu wetu akashinda, na kabla wino haujatoka vidoleni Fuso lilelile likarudi na kuyapakia yote. Vijana waliokaa juu ya mzigo walituambia kazi inaanzia kijiji kingine, tusubiri. Tulisubiri miaka mitano.

Kwa hiyo uchaguzi huu wa juzi, diwani yuleyule alipokuja kuomba tumrudishe, na Fuso likamwaga mabomba mengine palepale uwanjani, hakuna aliyeimba. Ni kweli safari hii kulikuwa na kisima kimechimbwa kilimani karibu na zahanati, na tangi limesimama juu yake. Lakini tangi bila bomba ni kama chungu bila mdomo, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Shauri lilifanyika kwenye mashine ya kusaga, wanawake tukiwa kwenye foleni na madebe yetu. Mama ndiye aliyelitoa. Alizungumza Kinyaturu, kama anavyofanya jambo likiwa zito, akasema mabomba haya hayapandi gari tena. Kila nyumba ichukue yake, ikalale nayo. Maji yakija kweli, mabomba yatatoka. Yasipokuja, basi angalau tutakuwa na mabomba. Hakuna aliyepinga. Mchana uleule tuliyabeba mawili mawili mabegani, watoto wa shule wakitushangilia, na mwenyekiti wa kitongoji akasimama kando akitazama mawingu ambayo hayakuwepo. Kwake yalikwenda mengi kuliko kwa mtu yeyote, lakini hilo tulilisema chini chini.

Tatizo la bomba la mita sita ni kwamba halifichiki. Nyumba ya mama ni vyumba viwili. Alichukua manne, akayaingizia mlangoni, yakavuka chumba na kutokeza dirishani. Wiki nzima kijiji chote kilikuwa hivyo, kila nyumba imetoa midomo ya buluu nje, na mtu akipita alijua nani anayo mangapi. Mama alianika nguo kwenye yake. Kuku wakayapenda, wakawa wanalala juu yake na kuyachafua, nami nikapewa kazi ya kuyafuta.

Diwani alipofika kwenye mkutano wa kampeni alitazama uwanja mtupu, akashika kipaza sauti na kuuliza mabomba yamekwenda wapi. Mzee mmoja wa nyuma akajibu, "Mheshimiwa, yako ndani. Yatatoka maji yakija."

"Na maji yatakujaje bila mabomba?"

"Hilo ndilo tunalokuuliza wewe tangu uchaguzi uliopita."

Watu walicheka, na diwani naye akacheka. Hapo ndipo moyo wangu uliposita. Mtu aliyeibiwa mali ya mradi hacheki haraka vile. Angefoka, angemwita mtendaji, angetishia polisi. Yeye alicheka, akapiga makofi, akaendelea na habari za zahanati. Nilimwambia mama tukiwa njiani kurudi kwamba kicheko kile sikukipenda. Mama alisema hata yeye, lakini mguu ulikuwa unamuuma, hakutaka maneno mengi.

Mguu wenyewe ndio uliokuwa shida yangu kubwa kuliko diwani. Kiangazi kile mama aliteleza korongoni, akaangukia nyonga. Tangu hapo alitembea kwa fimbo. Mimi niliachika zamani, nikarudi kujenga mwanzoni mwa shamba la baba, kwa hiyo kati ya nyumba yangu na yake kuna shamba la alizeti tu. Nilikuwa namchotea maji kila asubuhi. Nikichelewa kidogo nilimkuta hayupo, amejikongoja mwenyewe na ndoo yake kwenda kufukua mchanga. Nilikuwa naogopa siku moja nitamkuta chini, na niliwachukia watu wote waliowahi kumuahidi maji.

Siku ya kura mama alivaa kanga ya chama kimoja na kofia ya kingine. Alipotoka chumba cha kura nilimuuliza amempa nani. Akaniuliza mimi nimetumwa na nani. Diwani akashinda, nasi tukakaa tukisikiliza kama Fuso litanguruma.

Halikuja. Alikuja fundi kutoka Singida mjini, mtu mwembamba asiye na maneno, pamoja na vijana wenye sululu na machepe, wakaanza kuchimba mtaro kutoka kwenye tangi. Tulikwenda kuwatazama kwa zamu, kwa sababu mtaro nao unaweza kuwa danganya toto. Ulikuwa mtaro wa kweli. Ulishuka kilima, ukapita shule, ukapita mashine, ukaelekea kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ukitoka hapo ungekuja kwangu, kisha kwa mama, kisha ungevuka korongo kwenda kwa watu wa ng'ambo.

Fundi akasema, "Mimi nimechimba. Sasa leteni mabomba."

Hapo ndipo tulipojinasa wenyewe. Kila mtu alikuwa ameapa kutoa yake mtaro ukifika mlangoni kwake. Lakini kwetu nyumba ziko mbalimbali, na mabomba ya nyumba moja hayafiki hata nusu ya njia ya kwenda nyumba ya pili. Ili maji yafike kwa wa kwanza, lazima wa mwisho atoe yake, ayaone yakifukiwa mbele ya nyumba ya mwenzake, halafu aamini kwamba na yeye atafikiwa. Nani ataamini? Watu wa ng'ambo walisema wao ni wa mwisho hata kwenye msiba, hawatatoa. Wa katikati wakasema ng'ambo wakitoa na wao watatoa. Uvumi ukaanza kwamba mstari unaishia kwenye bustani ya shemeji yake diwani, kwamba fundi anakusanya ili apakie. Fundi alikaa juu ya kifusi akila mhogo mbichi, akituambia kuna kijiji kingine kinamsubiri.

Mimi nilitoa yangu mapema, kwa hasira tu. Wachache wakafuata, mwenyekiti akaona aibu akatoa mengi kati ya yake, mtaro ukajaa mpaka kwenye ua wake na kuendelea. Ukakwama karibu na kwangu. Fundi akaniita, akaniambia kwamba akipata manne ya mama yangu atafika pangu, atafunga koki, maji yatoke. Ng'ambo wakiyaona maji kwa macho yao watatoa mabomba, naye atasonga mbele hadi kwa mama na kuvuka korongo. Nilimtazama sana usoni. Sikuona kitu, na bado sijui kama hapakuwa na kitu.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa ameketi mlangoni, amenyoosha mguu wake mbaya. Nilimweleza yote. Akanisikiliza kama anavyowasikiliza wale wa kofia. Nilipomaliza akasema, "Angekuja mtu mwingine ningemfukuza. Wewe ni mwanangu. Yachukue."

Aliyafuata kwa fimbo yake hadi mtaroni. Alisimama juani mpaka la mwisho lilipopakwa gundi na kufukiwa, na pale lilipoishia alichomeka kijiti. Jioni ile koki ilifunguliwa mbele ya mlango wangu. Ilikohoa, ikatema tope, ikatoa maji meupe. Nililia, sioni haya kusema. Nilimwambia mama kesho kutwa yatakuwa kwake.

Watu wa ng'ambo walikuja kweli kuyaona. Wakanawa mikono, wakanywa, wakatazama kijiti cha mama, wakatazama mlango wangu. Mwanamke mmoja, tena tuliyeimba naye kwaya, akasema taratibu, "Mmeona? Mabomba ya bibi yameishia kwa binti yake." Wakaondoka. Hawakuleta hata moja. Wiki iliyofuata wengine walikuwa wameyapasua katikati kwa msumeno wakatengeneza mabakuli marefu ya kuwalishia kuku mashudu. Fundi akafunga virago akaenda kwenye kile kijiji kingine.

Diwani, nasikia, akiulizwa kwenye vikao husema yeye mabomba aliyaleta, wananchi wakayaficha. Nani atambishia? Lakini mimi hukaa nikawaza kile kicheko chake. Hakuna mtu aliyewahi kuyahesabu mabomba yale uwanjani. Tuliyabeba kwa haraka, kila mmoja akitazama asipunjwe na jirani. Inawezekana kabisa hayakutosha tangu mwanzo kuvuka korongo, na yeye alijua, na sisi tukamsitiri kwa mikono yetu wenyewe. Siwezi kulithibitisha. Nashuku tu, na kushuku hakumpi mtu maji.

Mama hakunilaumu kwa maneno. Kesho yake, baada ya fundi kuondoka, alipita mbele ya koki yangu na ndoo yake na fimbo, akielekea korongoni, maana njia ya kushukia huko iko upande wangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, vizuri kabisa, kama anavyomwitikia mpita njia, akaendelea. Nilimpelekea ndoo mbili. Alinishukuru, akazimimina kwenye chombo cha kuku. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo: kuku wa mama wanakunywa maji ya bomba, yeye anakunywa ya mchanga. Kijijini wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na nikitokea husalimia na kubadili habari. Naapa sikujua kwamba yatakomea kwangu. Nimeapa kwa wengi, na kila ninapoapa naisikia sauti yangu ikifanana na za watu wa majukwaani.

Wiki iliyopita nilichoka. Nilifunga koki, nikachukua ndoo yangu na bakuli, nikamfuata mama njia ya korongoni. Nilitaka nikae naye tu mchangani tungoje maji yajikusanye, kama zamani, na anipe nimbebee ndoo yake kwenye ule mwinuko unaoteleza. Alisikia hatua zangu. Akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo, akageuka pole pole kwa sababu ya nyonga, akanitazama kuanzia miguuni hadi kwenye ndoo tupu kichwani.

"Na wewe," akaniuliza, "unataka nini?"