Vidonge vya Bosco Vilivyobaki Kwenye Droo

Wambui, siku ambayo Mzee Ole Nkaru alinigombeza langoni petu Kitengela bado haijanitoka kichwani. Sina mvi za kukuita mwanangu, wewe ni mdogo wangu tu, lakini leo nitakuita hivyo. Nimesikia umepewa mtoto wa mbwa na mtoto wa paka.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nashinda nyumbani na Bosco, mbwa wetu. Unamkumbuka: kila alfajiri alimsindikiza Mama hadi stejini kupanda matatu, kisha akarudi peke yake. Mwaka ule akaanza kukohoa. Majirani walisema ni vumbi la simiti kutoka viwandani, na kwa kuwa sisi wenyewe tulikohoa, nikakubali.

Lakini mimi sijui kukubali jambo nikatulia. Nikasoma kwenye simu kwamba mbu humuuma mbwa mgonjwa, akamuuma mzima, akamwachia vijidudu ambavyo baada ya miezi huwa minyoo mirefu ndani ya moyo. Nikatoka kuangalia madramu tuliyowekea maji ya boza, lile lori la kuuza maji, bila kuyafunika. Yalijaa viluwiluwi vya mbu. Na kando ya madramu hayo ndipo Bosco alipolala.

Nikanunua vidonge vya kukinga. Mama wa agroveti, duka la dawa za mifugo, akaniambia, "Apimwe damu kwanza. Kama ana minyoo tayari, usimpe kabla daktari hajamwona."

Ushauri mzuri, nami nikaufanya sababu ya kukaa. Akipatikana nayo, nitamwambia Mama nini? Na kama ni vumbi tu, si daktari atanicheka? Vidonge vikaingia kwenye droo, nami nikaendelea kusoma. Wiki zikawa miezi.

Ndipo Mzee Ole Nkaru, aliyetuuzia ploti, akapita na mbuzi wake.

"Supa, kijana," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, Mzee."

Akamtazama Bosco, aliyelala akihema, tumbo limevimba. "Leo asubuhi nimewakuta barabarani. Mbwa ameketi, mama yako amesimama anamngoja. Tangu lini mama ndiye anasindikiza mbwa?"

"Bado nafanya utafiti, Mzee."

"Utafiti!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mbuzi wangu akikataa majani asubuhi, jioni daktari amefika. Wewe unangoja mbwa akuandikie barua?"

Siku hiyo hiyo nikambeba Bosco kwa daktari wa mifugo. Kipimo nilichokiogopa miezi yote kilichukua dakika chache. Ilikuwa minyoo ya moyo, na moyo wenyewe ulikuwa umechoka mno, usingestahimili matibabu.

"Ungemleta alipoanza kukohoa, tungejaribu," daktari akasema kwa upole. Afadhali angenifokea.

Bosco alikufa wiki iliyofuata. Mama hakunilaumu. Alfajiri ya kwanza bila mbwa nilimsindikiza mimi. Tulipofika pale Bosco alipozoea kuketi apumzike, Mama akasimama, akangoja kidogo, kisha akaendelea na safari. Hadi leo namsindikiza.

Kwa hivyo, mwanangu, nisikilize. Wapeleke wote wawili kwa daktari wiki hii, akwambie dawa ianze lini. Kisha uwape kila mwezi, hata kiangazi, hata ukiona hakuna mbu. Usiwape dawa ya minyoo ya mbuzi kwa kukisia kipimo. Usidhani paka yuko salama kwa sababu analala ndani. Mbu huingia, na paka akishaugua hakuna dawa salama ya kuua minyoo hiyo. Funika maji yako. Na ukisikia kikohozi, usiwaulize majirani, wala usinipigie simu mimi, maana nitakupa mambo ya kusoma. Mpeleke mnyama apimwe. Mimi niliogopa jibu, na Bosco ndiye aliyelipokea.

Mungu akupe wepesi wa kuinuka mapema. Wanyama wako wazeekee mlangoni pako wakiwa na pumzi ya kukulaki, na droo yako isibaki na kidonge cha mwezi uliopita.