Siku Niliyoiambia Redio Kwamba Ningeondoka

Nilikuwa na hasira hata kabla ya kupiga simu ile. Naanza na hilo kwa sababu wapangaji wenzetu wa ploti yetu huisimulia kana kwamba ulikuwa mzaha, mtu amesimama dirishani hana kazi akaamua kuchekesha nchi. Sikuwa nachekesha.

Nilikuwa ghorofa ya kumi na moja ya jengo moja la ofisi huko Upper Hill, nikifunga reli za pazia madirishani. Kazi hii nimeifanya miaka sita, na hakuna nyingine niliyowahi kudumu nayo hivyo. Tangu nimalize kidato cha nne nimeuza viatu, nimepaka rangi, nimelinda mageti ya watu, nimefuata ujenzi hadi miji ambayo leo siwezi kukuonyesha kwenye ramani. Nikikaa mahali pamoja ngozi inaniwasha.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, vumbi likatulia, na kutoka dirisha lile niliona mbali, upande wa magharibi, mpaka Kangemi nilikozaliwa. Nikatafuta kwa macho mahali nyumba ya mama yangu ilipokuwa. Siku hizi hapahitaji kutafutwa sana. Pana ghorofa saba za vyumba vya kupanga, zimepakwa rangi ya zambarau. Kuna mtu alikaa chini, akatazama rangi zote zilizopo duniani, akachagua hiyo. Pale mama alifuga ng'ombe mmoja, akapanda sukuma na ndizi, akatulea. Alipokufa, hata mwaka haujaisha, ndugu za baba wakauza kile kipande bila kuniita. Miezi michache baadaye binti yangu akazaliwa.

Mwenzangu alikuwa ameweka redio kwenye simu yake. Mtangazaji alikuwa na swali la asubuhi: limetokea gari linaloweza kukupeleka mwaka wowote unaoutaka, wa nyuma au wa mbele, ila likikushusha halirudi. Unapanda au hupandi?

Mzee mmoja alipiga akasema angeenda mbele, aone kama foleni ya Westlands itakuwa imesonga. Mama mmoja akasema angerudi nyuma kidogo tu, siku aliyokutana na mume wake, apitie njia nyingine. Mtangazaji alicheka kila kitu kama mtu anayetekenywa. Nilisikiliza nikiwa na skrubu mdomoni na macho yangu kwenye ile zambarau, na damu ikanipanda. Walikuwa wanachezea jambo ambalo mimi huliwaza kila siku ya Mungu. Nikapiga. Simu ikaingia.

Nikasema ninapanda. Akaniuliza mwaka gani. Nikamwambia mwaka wowote ambao mama yangu yuko hai. Akasema pole, halafu akauliza kama nina familia. Nikasema nina mke na binti.

"Sasa hao unawaacha na nani, bro?"

"Watajipanga," nikasema.

Akabonyeza ile sauti ya umati wa watu wakicheka. Nilikuwa na maneno mengine. Nilitaka kueleza. Lakini simu ilikuwa imekatwa na tayari mwanamke mwingine alikuwa akisema angependa kwenda kuona mbinguni kukoje.

Jioni, getini, alinikuta jirani yetu mwashi, mtu wa magharibi ya nchi ambaye kila Desemba hufunga mizigo na kwenda kwao, na kwao huwa kungali pale. "Karibu, mheshimiwa msafiri," akasema. "Huko mlikotoka mkate ulikuwa shilingi ngapi?" Watu waliokuwa wakifua wakacheka. Mpangaji mwingine akauliza kama nimemwachia mtu funguo za choo. Nikapita. Ndani mke wangu aliniwekea sahani mezani, akaketi mbali, akasema, "Kula. Ujipange."

Ilikuwa likizo ya Aprili. Yeye na binti yetu walikuwa wakiosha vyombo mlangoni asubuhi hiyo, na redio ya jirani huwa juu. Waliitambua sauti yangu kabla sijafika neno la tatu.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Si jina tu. Ukimpa jina, unampa na nafasi. Ndiyo maana tangu akiwa mchanga nilimwita binti yangu mama, na mke wangu humtania akimwita mama mkwe, akimwomba ruhusa ya kutumia chumvi. Watu wetu wote hufanya hivyo. Mtoto akikataa uji wanasema, tangu zamani huyu hakupenda uji. Wanacheka, halafu wanaendelea na shughuli zao.

Mimi sikuendelea. Tangu akiwa na miaka mitano, kila Jumapili baada ya kanisa, nilimshika mkono tukatoka Kawangware kwa miguu, tukavuka Kangemi, tukashuka na kupanda hadi Kitisuru, ambako mama alichuma kahawa kwa kibarua na kukata nyasi za ng'ombe. Sasa ni kuta, nyaya za umeme juu ya kuta, na walinzi wanaouliza mnamtafuta nani. Wengine tumezozana nao vibaya. Nilikuwa nikimwambia binti yangu: hapa ndipo ulipokatwa na seng'enge. Pale ulinificha mvua kwa kiondo. Nilisema uli-, si ali-. Mwanzoni ilikuwa utani wa watu wetu. Kwa miaka tisa iliyofuata, sijui.

Baada ya ile redio, binti yangu aliacha kuniitikia. Nikimwita mama, anapita. Nikirudia, anamwuliza mama yake kama kuna kitu sokoni kinahitajika. Nilidhani ni kiburi cha miaka kumi na minne, nikamkaripia mara mbili. Jumapili nilivaa, nikasimama mlangoni kumngoja tuondoke. Mke wangu akanionyesha dari kwa kidole. Binti yetu alikuwa juu ya paa, akianika nguo.

Nilipanda nikiwa nimekasirika. Nilimwambia kwamba mtu mzima hachuniwi ndani ya nyumba yake, na kama ana neno alitoe. Alimaliza kubana shati langu kwenye kamba kwanza.

"Lile gari ukilipata," akasema, "mimi nitakuwa wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri nina jibu zuri. Nilifikiri hata atatabasamu. Nikamwambia atakuwa huko huko, kwa sababu yeye ndiye yule.

"Mimi si yeye, baba. Huko kwenye huo mwaka mimi sijazaliwa. Ulichagua mwaka ambao mimi siko, na ulisema kwa redio."

Nikamwambia sivyo nilivyomaanisha. Akaniuliza nilimaanisha vipi basi, nami nikaanza kueleza habari za mama, jinsi alivyokuwa, na nikamwona akifumba macho kama mtu anayesubiri gari kubwa lipite.

"Niambie kitu kimoja changu," akasema. "Kimoja tu. Kisiwe cha shosho, huyo mama yako."

Nikamwambia hapendi utando juu ya maziwa.

"Hiyo ni ya shosho. Mimi sinywi maziwa. Niliacha nikiwa gredi ya nne."

Nikasema anapenda kutembea.

"Nachukia kutembea. Viatu vya kanisa huniuma kuanzia pale Kangemi. Nilikuwa naenda kwa sababu ukirudi kutoka huko unakuwa mpole siku mbili."

Mtu anaweza kupigwa na fundi mwenzake kwa nyundo na asisikie vile. Lakini sikulia, wala sikuomba msamaha. Nilikasirika zaidi. Nilimwambia nilimpa jina la mtu bora kuliko wote niliowahi kuwajua, jina ambalo wengine wangelibeba kwa heshima. Sauti yangu ilifika chini, maana kelele za ploti zilikatika ghafla.

"Basi lichukue," akasema, na yeye hakupaza sauti. "Niite lile la ubatizo. Usiponiita hilo sitaitika. Sitaitika hata nikiwa mkubwa nimeolewa, hata ukiwa mgonjwa."

Ninamjua mtu anayesema kitu cha hasira na mtu anayesema kitu alichokiamua. Mama yangu alisema hivyo hivyo, na, ndiyo, najua, nimefanya tena.

Niliondoka. Nilitembea peke yangu hadi Kangemi, kifua kinawaka, nikiwatukana moyoni mtangazaji, mwashi, ndugu za baba na madalali wote wanaouza ardhi isiyo yao. Nilijiambia kwamba nimewahi kuhama miji kwa sababu ndogo kuliko hii. Nilikuwa na simu, kitambulisho na miguu. Nikafika chini ya lile jengo la zambarau, nikasimama. Sikuwahi kusimama pale bila mtoto mkononi.

Mwanamke mmoja alitoka kumwaga maji akaniuliza kama natafuta chumba. Alikuwa ndiye mtunzaji wa jengo. Kuna kimoja wazi, akasema, chini, nyuma kabisa. Nikasema ndiyo, sijui kwa nini. Akanipitisha kwenye ushoroba wenye giza, tukiwa mchana wa saa nane, akafungua mlango wa chuma. Nilipiga hesabu ya hatua kutoka barabarani. Kilikuwa mahali pa jiko la mama. Kama si jiko, basi zizi, lakini naapa lilikuwa jiko.

Niliingia, nikasimama katikati. Chumba kilinukia rangi mpya. Kulikuwa na soketi moja na alama ya kitanda cha mtu sakafuni. Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, mwanaume wa miaka arobaini na kitu amesimama kwenye chumba kitupu huku mwanamke akichezesha funguo. Mahali penyewe nilikuwa nimepapata, sehemu ile ile ya dunia, na hakuna aliyeniita. Hasira iliyonishika mle ndani ilikuwa mpya. Haikuwa ya ndugu za baba wala ya rangi. Nilimkasirikia mama kwa kufa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku ya mazishi, kwa sababu haukupita muda mrefu nikapewa mwingine na sikuhitaji.

Mtunzaji akaniuliza tuko wangapi. Nikamwambia watatu.

"Hapa hamtatoshea," akasema, akazima taa.

Nilirudi Kawangware nikirudia lile jina la ubatizo kwa midomo, kama mtoto aliyetumwa dukani. Mke wangu ndiye aliyelichagua, miaka kumi na minne iliyopita, nami sikuwa nimelitumia isipokuwa kwenye fomu. Mwashi alikuwa getini. Aliniangalia, akanifungulia geti.

Binti yangu bado alikuwa juu ya paa, sasa akianua. Nikamwita. Lilitoka vibaya, kavu, kama jina la mtu anayedaiwa kodi. Nililichukia. Bado nalichukia, siwezi kudanganya. Kuna asubuhi lile neno lingine linafika hadi kwenye meno, nalimeza, na siku nzima nagombana na skrubu. Hakugeuka. Nikaita tena.

"Eeh?" akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jina tu. Tukatazamana, jua likiwa kali, mpaka akaniambia kama sina neno nishike upande ule mwingine wa shuka, kwa sababu hawezi kuikunja peke yake.