Sahani Iliyotutangulia Njiani

Kwenye kabati la jikoni kwetu, Kilburn, London, kuna nafasi ya sahani moja. Mama hataki pawekwe kitu. Mdogo wangu akiweka bakuli lake hapo, huambiwa aliondoe. Sahani yenyewe sasa iko Australia kwa mjomba, na ilifika kwake kwa njia ndefu kuliko alivyokusudia mama. Urefu huo niliuongeza mimi.

Mjomba ni kaka yake mama. Aliondoka Pemba mimi sijazaliwa, na mama alikuwa hajamwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka jana mama alipata likizo ndefu kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tukapanda ndege sisi watatu: yeye, mimi na mdogo wangu wa miaka kumi. Mjomba alitupokea Perth akiwa ameshafunga karavani nyuma ya gari.

"Hatukai mjini," alisema. "Mji mnao London. Nitawaonyesha nchi."

Mke wake hakuja. Alisema hawezi kwenda kulala nje na nyumba anayo.

Karavani ilikuwa nyumba kamili: vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, makabati juu na chini. Mama aliizunguka mara mbili, akakaa kitandani, akasema, "Hii kubwa kuliko chumba changu cha kwanza London." Mimi na yeye tulilala humo. Mjomba na mdogo wangu walilala kwenye hema kando yake, na kila asubuhi walitoka wakigombana nani aliyekoroma.

Tulielekea kaskazini. Kwanza mashamba ya ngano, kisha udongo ukawa mwekundu kama matofali, na pembeni mwa barabara maua ya porini, meupe na manjano, yametanda mpaka macho yanachoka. Kila gari lililokuja mbele yetu, mjomba aliinua kidole kimoja juu ya usukani, na dereva wa huko akainua chake.

"Unawajua wote hawa?" mama aliuliza.

"Simjui hata mmoja."

"Sasa unawasalimia nini?"

"Njia ndefu hii, bibi wee. Ukiharibikiwa, huyo ndiye ndugu yako."

Mama akafurahi. Tangu hapo akawa anainua mkono mzima. Mimi nilijificha nyuma ya kiti. Mimi ni mtu wa haya. Kwenye basi la Kilburn nakaa karibu na dirisha, sisemi na mtu, wala mtu hasemi nami, na hilo limenifaa sana. Nilimaliza skuli ya msingi Pemba kabla ya mama kutuleta, na Kiingereza changu nimekiokota ukubwani. Mdogo wangu ni mtoto wa London. Unamwambia Kiswahili, anakujibu Kiingereza, tena haraka.

Siku ya pili jioni tulifika kwenye kambi ya karavani ya mji mmoja mdogo. Jirani zetu walikuwa mzee na mkewe, nywele nyeupe wote wawili, na karavani yao nyeupe yenye mstari wa kijani. Yule mzee alimsaidia mjomba kuweka vibao chini ya magurudumu ili tusilale tumeinama. Mama akapika pilau. Jiko lilikuwa dogo lakini harufu haikujua kuwa jiko ni dogo. Ilitoka dirishani ikaenda kambi nzima.

"Imeshawafika wale," mama alisema, akiwatazama majirani. "Harufu ikishafika kwa jirani, chakula lazima kiifuate. Tafuta sahani ya maana uwapelekee. Usiwatilie kwenye plastiki kama wagonjwa." Kisha akaenda kusali magharibi.

Nilifungua makabati. Plastiki tupu. Chini kabisa, nyuma ya unga, nikagusa kitu kigumu kilichofungwa kwenye kanga mbili. Ilikuwa sahani ya udongo, kubwa, yenye maua ya buluu, ukingo umemeguka kidogo upande mmoja. Nikasema, mama huyu! Amebeba sahani ya wageni kutoka London. Nikaipakua pilau, nikaweka kachumbari pembeni.

Njiani nilijifunza sentensi ya Kiingereza. Hatua zilikuwa kama ishirini. Nilipofika, yule bibi akafungua mlango akatabasamu, na sentensi yote ikanitoka kichwani. Nilinyoosha mikono nikasema, "Pilau." Nikakimbia.

Asubuhi walikuwa wameshaondoka. Zimebaki alama za magurudumu tu. Sahani haikuwepo mlangoni kwetu wala mezani. Nikajiambia ni sahani tu, mama hatauliza. Mjomba akanipa ufunguo wa choo cha kambi.

"Upeleke ofisini. Mshukuru yule mama wa pale."

Nilimwona kupitia kioo, anazungumza na watu wawili na wote wanacheka. Kando ya mlango palikuwa na kisanduku chenye tundu la kutilia funguo. Nikautia nikarudi.

"Umeshukuru?"

"Nimeshukuru," nilisema. Mungu anisamehe.

Baada ya mwendo wa saa moja tulisimama kunywa chai. Upepo ulikuwa wa baridi, na mama akaingia kwenye karavani kutafuta kanga ya kujitanda. Akachelewa. Kisha akaniita kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya mama ndiyo mbaya. Nilipoingia akafunga mlango. Kanga mbili zilikuwa mkononi mwake.

"Kilichokuwamo humu kiko wapi?"

"Mama, ulisema sahani ya maana."

Akakaa kitandani. Nilidhani atanipigia kelele. Akacheka kidogo, halafu macho yakajaa maji. Akanieleza. Ile ilikuwa sahani ya bibi yangu, mama yake. Yeye na mjomba walikula humo walipokuwa wadogo, sahani moja, mikono miwili, kila siku. Bibi alipofariki, mjomba hakuweza kwenda kuzika kwa sababu karatasi zake za kuishi Australia zilikuwa hazijatoka, na hajapata kuligusa tena lolote la nyumba ile. Mama aliibeba sahani mapajani kwenye ndege. Alitaka siku ya mwisho ya safari atie chakula humo, amwite kaka yake, asiseme neno.

"Na hajui?"

"Hajui. Na wewe usimwambie."

Alifuta macho akatoka nje. "Kaka, tuwafuate wale wazee wa jana."

"Wamechukua nini?"

"Sahani yangu."

"Sahani! Mji wa mbele nitakununulia kumi."

"Naitaka ile."

"Ya dhahabu?"

"Ya pilau."

Mjomba aligeuka kunitazama mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. "London imemharibu huyu. Zamani alikuwa mkarimu. Sasa anawakimbiza wazee wa watu kwa sahani!" Mama akauma mdomo. Najua jibu lilikuwa pale pale kwenye ulimi, akalimeza na chai.

Bahati njia ilikuwa moja, na yule mzee alikwisha kumwambia mjomba kuwa nao wanakwenda kaskazini. Lakini walikuwa mbele yetu saa nyingi. Ndipo mdogo wangu akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba namba yao anaijua. Namba gani? Ya redio. Watu wa karavani huko huwa na redio ya upepo garini, ya kusemeshana njiani, na wengi huandika nyuma ya karavani namba ya chaneli wanayosikiliza. Mdogo wangu alikuwa akizisoma zote tangu Perth.

Mjomba naye alikuwa nayo redio. Aliiweka kwenye ile chaneli, akachukua kipaza sauti chenye waya wa kujikunja, akataka kusema. Mama akamshika mkono.

"Aliyeipeleka ndiye atakayeiita."

"Mama, mimi siwezi."

"Pilau uliweza."

Nilikishika kile kitu mikono miwili. Mjomba alinionyesha kidude cha kubonyeza. Nikabonyeza, nikaachia, nikabonyeza tena. Nikasema kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja, kwamba namtafuta bibi na mzee wenye karavani nyeupe ya mstari wa kijani. Tafadhali. Wana sahani yetu.

Redio ikalia kama mafuta kikaangoni. Mdogo wangu alijiziba mdomo asicheke. Nikarudia. Kilomita nyingi nikawa narudia, na kila mara sauti yangu ikawa haitetemeki sana. Halafu mwanamume mmoja akajibu, sauti nzito, inanguruma.

"Sahani gani, mwanangu?"

Alikuwa dereva wa lori. Nikamwambia ya udongo, ina maua ya buluu.

"Ilikuwa na nini ndani?"

"Pilau."

"Hiyo ni nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamweleza mchele, nyama, vitunguu vinavyokaangwa mpaka viwe vyeusi kidogo, bizari. Nilisema mpaka mdalasini. Mama alikuwa akitikisa kichwa, ananisahihisha kwa mkono. Nilipoachia kidude, sauti nyingine, ya mwanamke, ikaingia: "Hata mimi nina njaa sasa." Watu wawili watatu wakacheka humo hewani. Sikuwaona, nao hawakuniona. Labda ndiyo maana iliwezekana.

Yule wa lori akasema ametoka kuwapita wazee wa namna hiyo kwenye uwanja wa mapumziko kabla ya daraja, wamekoka moto. "Ukiipata, unibakishie!"

Mjomba akaongeza mwendo. Tuliwakuta kweli, wamekaa kwenye viti vya kukunja, na kati yao sufuria la chuma jeusi juu ya makaa. Yule bibi alisimama aliponiona, akapiga makofi.

"Mmepata ujumbe wangu!"

"Ujumbe gani?" mjomba akauliza.

"Nilimwachia yule mama wa ofisini. Nilimwambia awaelekeze mtukute hapa."

Wote wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu. "Ufunguo nilitia kwenye kisanduku," nilisema. "Sikuingia."

Mjomba akafungua mdomo, akaona uso wangu, akaufunga. Mama hakuwa mwema hivyo. "Ulishukuru kisanduku?" aliuliza, na mdogo wangu akaanguka majanini kwa kucheka.

Yule bibi akaeleza. Mamake alimfundisha kuwa sahani ya mtu hairudi tupu. Usiku ule hakuwa na kitu cha kutia humo, na alfajiri walipoondoka sisi tulikuwa tumelala. Kurudisha tupu hakuweza. Nilipomtafsiria mama, aliweka mkono kifuani. "Kumbe ni mtu wa kwetu," alisema.

Bibi akafunua sufuria. Ndani mlikuwa na mikate midogo ya tende, imevimba, juu rangi ya asali. Aliingia kwenye karavani yake, akatoka na sahani. Akaipanga mikate juu yake mpaka ikajaa, akafunika kwa kitambaa cha jikoni chenye picha za ndege wa porini, akaniangalia. Kisha akampa mjomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Mjomba alishukuru. Kidole gumba chake kilikuwa ukingoni. Nilikiona kikisogea, kikirudi, kikisimama pale palipomeguka. Akainua kitambaa. Hakutazama mikate.

"Hapa," alisema, "nilipigwa mimi, kwa kupamegua."

"Ulipigwa kidogo," mama akajibu. "Aliyepigwa sana ni mimi, kwa kukuficha."

"Umeitoa wapi?"

"Ilikuwa iwe siku ya mwisho. Mwanao huyu ameharakisha."

Mjomba akakaa chini kwenye udongo mwekundu, na suruali yake safi, sahani mapajani. Mama akakaa mbele yake. Yule mzee aliwaletea viti, mkewe akamvuta shati arudi navyo. Walikula mikate ile wawili, mkono huu na mkono ule, na mjomba alikuwa analia na anatafuna na anamwambia mama asichukue mkubwa.

"London imekuharibu," mama alisema. "Zamani ulikuwa unaniachia."

"Mimi sijafika London!"

Sisi wengine tulipewa iliyobaki ndani ya sufuria. Jua lilikuwa juu, kila kitu kinang'aa. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa yule bibi, bila kutumwa, nikamwambia ile sentensi iliyonipotea jana yake: kwamba chakula kile kilitoka kwa mama yangu, na tunafurahi kuwa jirani zake.

Kitambaa cha ndege tulikisahau kwenye karavani, kisha kikaingia kwenye sanduku letu, sasa kiko Kilburn. Yule bibi wa mikate alikuwa ametuandikia anwani yake. Mama amekifua, amekipiga pasi, ameweka humo pakiti ya bizari na kashata alizozifunga vizuri. Kila nikirudi kazini ananiuliza kama barua imekwisha, maana hakiwezi kwenda bila maneno. Naandika polepole. Jana nilifika pale ninapomwomba, akimsikia yule wa lori hewani, amwambie kuwa sahani ilipatikana.