Siku Niliyowapelekea Wamama wa Sarang'ombe Platinamu

Kuna watu Kibera mpaka leo wakiniona wananiita Platinamu, na msidhani ni kwa heshima. Nimejaribu kunyamaza nikidhani itaisha, haikuisha, kwa hivyo afadhali mkasa wenyewe muusikie kutoka kwa mdomo wangu kuliko kwa wale wanaouongezea chumvi (ingawa, kusema ukweli, haukuwa na haja ya chumvi).

Mimi ni Barasa, nachomelea mabomba ya moshi ya magari huko Kabiro, Kawangware. Sasa, katikati ya bomba la moshi la gari huwa kuna kisanduku fulani, ukikipasua ndani kunakaa kama sega la nyuki, na kuna jamaa hupita kila wiki akinunua visanduku vikuukuu kwa bei ambayo hainiingii akilini. Siku moja nikamuuliza, buda, hii takataka unapeleka wapi? Akaniambia ndani kuna platinamu na paladiamu, madini ghali kuliko unavyodhani. Hapo ndipo ugonjwa uliponishika. Nikaanza kusoma kwa simu, nikisubiri wateja nasoma, nikila nasoma, mpaka nikajua kuna kampuni ndogondogo huko ng'ambo ambazo kazi yao ni kutafuta tu, hazina mgodi, hazijauza hata kijiko cha madini, zina kipande cha ardhi na mashine ya kutoboa na matumaini, na mtu wa kawaida kama mimi anaweza kununua hisa zake. Nikanunua hisa chache za moja. Wiki hiyo zikapanda. Basi, kwangu mimi hiyo ilikuwa digrii.

Wakati huo nilikuwa nampenda Akinyi (bado nampenda, tulieni), na mama yake ndiye mwenyekiti wa chama cha wamama fulani wa Sarang'ombe, kule Kibera, wengine wanauza mandazi, wengine mitumba, wengine wanafulia watu nguo mtaa hadi mtaa. Walikuwa wameweka akiba muda mrefu wanunue mashine ya kusaga unga. Akinyi akamwambia mama yake kwamba mimi najua mambo ya uwekezaji, na Mama Akinyi akanialika Jumapili baada ya ibada nije niwafunze. Mama mkwe mtarajiwa anakualika kufunza! Ningekataa vipi?

Jumapili natoka Kabiro nimevaa shati la kuazima, napita karibu na jirani yangu anayeyeyusha vyuma kuukuu, naona chini kitu cheusi kama jiwe, kizito, kinang'aa kwa jua kama macho ya paka. Nikafikiria, wamama hawa nikiwaambia madini bila kuwaonyesha kitu watasinzia. Nikakitia mfukoni. Wallahi nia yangu ilikuwa kusema "kitu kama hiki." Neno moja tu hilo, "kama," ndilo lililoniangusha.

Nikafika kanisani, jengo la mabati, wamama wamejaa, Mama Akinyi amekaa mbele na kitambaa chake kizuri cha kichwa, Akinyi nyuma yake. Nikaanza kuongea na lazima nikiri niliongea vizuri. Nikawaeleza visanduku vya magari, nikawaeleza dunia nzima inahitaji madini haya, nikaona macho yanaanza kufunguka. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa lile jiwe, nikaliinua juu, na mdomo wangu ukasema, bila kuniuliza, "Na hii ndiyo platinamu yenyewe."

Watu wakapiga vigelegele.

"Umeitoa wapi?" akauliza Mama Njoki, anayeuza viazi karibu na reli.

"Kampuni ilinitumia," nikasema. "Huwa wanawatumia wenye hisa."

(Huwa hawamtumii mtu chochote. Huwa wanatuma barua pepe za kuomba pesa zaidi.)

Jiwe likaanza kupita mkono kwa mkono. Mama Njoki, ambaye goti lake linamsumbua miaka na miaka, akajisugua nalo gotini akisema madini ghali hayakosi dawa ndani. Mwingine akampaka mjukuu wake kwenye paji la uso. Kuna aliyepiga picha akaituma kwa kundi la kanisa, na haikupita dakika kumi watu wakaanza kuingia kutoka nje, wenye vibanda, wasee wa boda boda, mpaka pasta mwenyewe akarudi akiwa bado anatafuna chapati, akaweka mkono juu ya jiwe na kuliombea lizae matunda. Mimi nimesimama hapo nasema amina. Mngefanya nini?

Halafu Mama Akinyi akasimama. "Huyu kijana ni wa kwetu," akasema, na jamani, jinsi alivyoniangalia, hakuna mtu aliyewahi kuniangalia hivyo, hata mama yangu mzazi. "Mashine ya unga tutaisubiri. Mimi naona pesa ile tuiweke kwa hii platinamu. Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikapanda kama shamba la mahindi. Nilijua lazima niseme ukweli, badala yake nikaanza kuhesabu mikono.

Mkono mmoja tu haukupanda. Kwenye kona alikuwa ameketi Mama Zamzam, mwanachama aliyekuja kwa kikao tu, mama wa Kinubi mwenye nyumba za kupangisha kule juu, mtu mzima, mpole, amejifunga vazi lake la rangi nyingi. Akanyoosha mkono, si wa kupiga kura, wa kuomba.

"Nileteeni hilo jiwe."

Akalipima mkononi. Akaligeuza. Mkoba wake ulikuwa na kifungo cha sumaku, akalisogeza karibu, likanasa, ta! Watu wakashangilia wakidhani ni ishara ya baraka. Yeye akatikisa kichwa.

"Sumaku peke yake haisemi kitu," akasema polepole. "Hata mawe ya kweli yenye platinamu mengine yana chuma ndani. Lakini mnaona haya matundu madogo? Hili ni povu. Jiwe la aina hiyo halitoki ardhini na povu la namna hii. Kitu hiki ni uchafu unaobaki chuma kikiyeyushwa kwenye jiko." Akaniangalia, bila hasira yoyote. "Mwanangu, haya ni mavi ya chuma."

Sauti ya Mama Njoki ikasikika wazi kabisa: "Ati nimejipaka nini?"

Sitaeleza kicheko kile. Wasee wa boda boda walilala chini. Pasta alikuwa anaangalia kiganja chake kama si chake. Bibi wa yule mjukuu alikuwa anasugua paji la uso la mtoto kwa leso na mate. Mimi nilitafuta mlango, lakini mlango ulikuwa umejaa watu waliokuja kuniona tajiri.

"Ulilitoa wapi?" akauliza Mama Zamzam, na kwa sababu aliuliza kama mtu anayetaka kujua, si kama anayetaka kuua, nikasema ukweli. "Kawangware, Mama. Chini. Kwa jirani anayeyeyusha vyuma."

"Na hisa, ni za kweli ama nazo uliokota?"

"Ni za kweli, Mama."

"Nipe simu."

Kumbe (na hili hakuna hata mmoja wa wamama wale aliyelijua vizuri, kwa sababu yeye si mtu wa kujisifu) kabla hajastaafu Mama Zamzam alifanya kazi kwa maabara moja ambako wataalamu walileta mawe kutoka maporini, na kazi yake ilikuwa kuyasaga, kuyachuja na kuyapima. Ujana wake wote mikono yake ilikuwa ndani ya vumbi la mawe ya watu wengine. Akavaa miwani, akafungua tangazo la mwisho la kampuni yangu, Kiingereza kirefu ambacho mimi nilikuwa nimesoma kichwa chake tu, akakisoma chote, huku umati mzima ukingoja, hata wale waliokuwa wanacheka.

"Msimcheke tena," akasema alipomaliza. "Kampuni ipo. Wametoboa mashimo. Mashimo mawili wameandika walichopata, ni kidogo. Haya mengine wameyataja na hawakusema kitu. Mtu akipata kitu, husema. Watu hawa si wezi, wanatafuta, na bila wao hakuna mgodi ungewahi kufunguliwa. Lakini ni kama mtu anayechimba choo hapa Kibera akitumaini kukutana na bomba la maji. Kuna siku bomba hupatikana kweli. Lakini huwezi kuwauzia majirani maji kabla hujaliona. Mwenye pesa ya kupoteza, acheze. Pesa ya mashine ni ya kupoteza?"

"Hapana!" wakajibu, wote kwa pamoja, na Mama Akinyi ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa zaidi, akiwa ananiangalia mimi, na ule mtazamo wa kwanza haukuwepo tena.

Nje Akinyi alinikuta nimesimama nyuma ya mabati. Nilidhani amekuja kuniacha. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kucheka.

"Barasa, si ungeleta tu unga kilo mbili? Mama angekupenda vilevile."

Kabla sijajibu Mama Zamzam akatoka, akasimama mbele yangu, mfupi, mimi namzidi kwa vichwa viwili na bado nilihisi ninaangalia juu. Akasema, "Jumamosi uje kwangu. Uje na hizo karatasi zao zote, nikufundishe kusoma wanachokiacha."

Nikaenda. Nimekuwa nikienda Jumamosi nyingi, nakaa kibarazani kwake nanywa chai ya tangawizi huku ananionyesha jinsi ya kutofautisha "tumepata" na "tunaamini tutapata," na vile shimo moja zuri linaweza kupigiwa kelele ili mtu asiulize kuhusu tisa mabaya. Sijawahi kukutana na mtu anayejua mengi hivyo na kuongea kidogo hivyo. Siku moja nilimuuliza mbona aliningoja mpaka mikono ikapanda ndiyo aseme. Akakoroga chai. "Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Nilitaka useme mwenyewe." Hiyo ndiyo sehemu ya mkasa huu inayoniuma mpaka leo, kuliko kile kicheko.

Kampuni yangu iliendelea kutoboa, ikapata mawe ya kawaida, ikafunga virago, na hisa zangu sasa hazinunui hata chapati. Wamama walinunua mashine, inasaga kuanzia asubuhi, ukipita pale unatoka mweupe nyusi zote.

Mwezi uliopita nilienda rasmi kwa kina Akinyi kujitambulisha. Mama Akinyi alinikalisha, akanipa samaki, akaniacha nile hadi katikati ndipo akaniuliza, sura kavu kabisa, "Na hiyo paladiamu, sasa itapanda ama itashuka?"

Nilihisi mdomo wangu unaanza kujiandaa, nawaapia, tayari ulikuwa na hotuba. Nikaufunga. Nikameza mwiba. "Sijui, Mama," nikasema.

Akaniongezea ugali.

Nimeapa: hilo neno "sijui," ambalo lilinichukua umri wangu wote kujifunza kulitamka, sitalionea haya tena, mbele ya wamama, mbele ya pasta, mbele ya mtu yeyote. Ila jina la Platinamu limekwama. Hilo nimeshindwa.