Siku za Mwezi kule Magara

Wasomaji, mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko unaopinda. Niliishia darasa la sita na ninaandika polepole. Mwalimu aliyekuwa akinisahihishia ukurasa huu amefariki, na Jumamosi tumemzika hapa Rumonge. Makaburini walisema mengi juu ya ukarimu wake na miaka yake ya ukimbizini Tanzania. Makala yake ya mwisho haikutajwa na mtu. Mimi niliyeijua nilisimama nyuma nikitazama viatu vyangu.

Makala ile ilihusu akina mama wanaoanika ndagala, wale samaki wadogo, kwenye ufuo wa Magara. Aliiandika kwa Kifaransa kwa ajili ya jarida la chuo kikuu, na mimi nilimshikia simu ya kurekodi sauti. Mama mmoja mtu mzima alimwambia, “Siku za mwezi hatuaniki kitu, tunakaa tu.” Kila mtu wa ufuo huu anaelewa: mwezi ukiangaza, ndagala hawafuati taa za wavuvi, na mitumbwi inarudi mitupu. Lakini jarida lilikuwa likimharakisha, naye akaipa akili bandia sauti zote izitafsiri. Mashine ikadhani mama anasema habari za hedhi. Ikaongeza aya nzima juu ya mwiko wa wanawake kugusa samaki siku hizo, pamoja na kitabu cha kuuthibitisha, ambacho baadaye hakikupatikana popote.

Kabla ya kutuma makala, mwalimu alinipa karatasi nikawasomee wale mama. Nikakuta maneno “leurs règles”. Kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi, règle ni rula, ama sheria, basi nikadhani akina mama wana sheria zao; sikujua kwamba kwa Kifaransa hedhi nayo huitwa hivyo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hiyo naijua tangu darasa la pili. Lakini niliona haya kuuliza, na haya zaidi kusimama mbele ya wanawake wale. Nikakaa na karatasi siku mbili, nikazirudisha bila kumsomea mtu.

“Wamesema iko sawa?”

“Iko sawa, mwalimu.”

Makala ilipotoka, binti mmoja anayesoma chuoni alimsomea mama yake, na habari ikafika kwa wachuuzi. Wakaanza: “Mama, leo munauzisha, ama muko mu mwezi?” Mwalimu aliposikia alikwenda Magara mwenyewe, mimi nyuma yake. Yule mama hakumpa kiti.

“Mwalimu, mimi niko na wajukuu tisa. Iyo mwezi uliandika ilinitoka zamani. Sasa wanaume wananicheka kwa kitu sina.” Wenzake walicheka, yeye hakucheka. “Na wewe umekulia mu Kiswahili. Ulisahau mwezi iko wapi?”

“Sikusahau, mama,” alisema. “Sikusoma. Niliachia mashine.”

Njiani kurudi nilimwambia ukweli. Akauliza kama anaweza kulieleza jarida kwamba alimtuma mtu kuwasomea. Nikamwomba asinitaje. “Basi, mutoto wangu,” alisema, na hakunitaja. Sahihisho lilitoka wiki aliyolazwa hospitali. Linasema mashine ilikosea maana, na kwamba mwandishi hakujali kuwarudishia waliohojiwa maneno yao. Hivyo ndivyo wasomi wenzake watakavyomkumbuka.

Mimi siikatai mashine. Inamaliza kwa dakika kazi ya wiki yangu nzima, na mwenye kuitumia akisema wazi ameitumia, sioni kosa. Ila mashine haioni haya: isipoelewa, inaendelea kusema. Mimi nilikuwa na haya, nikanyamaza, na kati yetu wawili mtu mwema akabaki na aibu. Neno la mtu lirudi kwanza sikioni mwake, lisomwe na anayejua wanavyosema pale, ndipo liende chapani. Mwalimu alilijua hilo. Alituma mtu. Aliyetumwa ni mimi.

Safu hii nimemsomea yule mama yote kabla ya kuileta. Nanyi mkiona nilipokosea, niandikieni. Msinionee haya.