Maksai wa Marehemu Mume Wangu

Mwanangu ana miaka thelathini na nne, na leo asubuhi nilimshuku kuwa ni mwizi.

Maduhu alikuja kuomba maksai wawili wa marehemu baba yake, eti akalimie shamba lake la pamba kule Itilima.

Ng'ombe tunao wengi, sikatai. Lakini baba yake alikuwa akisema, "Mtoto mwenye ndevu asaidiwe nini?"

Miaka yote nilimbembeleza mume wangu amsaidie mtoto, akakataa. Maksai akawa anawapeleka kukodisha, na mimi namfungia michembe, viazi vyetu vya kukausha, ale njiani.

Kwa hiyo leo nikahisi mtoto, ambaye hajawahi kulima na maksai hawa, anataka kwenda kuwauza mnadani.

Nikamwambia, "Hebu wafunge nira nikuone."

Maksai hawa kila mmoja ana upande wake. Ukiwachanganya, hawasogei. Na walinunuliwa Maduhu ameshahama nyumbani.

Akamweka mwekundu kushoto, mwenye baka kulia. Akapiga mluzi kidogo tu, wakaondoka naye.

"Umejuaje?"

Akainamisha kichwa. "Mayu, mama yangu, baba alikuwa ananiletea hawa kila msimu wa kulima."

Nikakaa chini kwanza.

"Sasa mbona mlinificha?"

"Baba alisema wewe ndiye hutaki nisaidiwe."

Mimi. Niliyekuwa nambembeleza.

Maksai nimempa, ameshaondoka nao.

Kaburi la baba yake huwa nalifagia kila siku. Leo sijalifagia.

Wajane wenzangu, ninyi mlikuja kugundua nini kingine?